Kabati Lisilofunga

Siku aliyofika chuo cha ufundi, begani amebeba sanduku la mbao alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, mlinzi wa getini alimtazama kutoka utosini hadi vidoleni kisha akamwambia, "Wewe pita kwa ubavu." Geti halikuwa jembamba kiasi hicho. Ila kijana alikuwa mrefu na mpana, mabega ya mraba kama yamepimwa kwa rula, na alitembea taratibu kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji asiyetaka hata tone limwagike. Kabla hajaonyeshwa kitanda chake, wanafunzi wa karakana ya useremala walikuwa wamekwisha kumbatiza: Kabati. Jina likamganda. Hata walimu wakalitumia, naye akaitika bila kinyongo.

Hizo zilikuwa enzi za redio za betri kubwa kubwa, ambazo zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo, na viatu vya michezo vilikuwa vya turubai, vikichakaa vinapakwa chaki vionekane vipya. Nyuma ya karakana ya kuchomelea kulikuwa na uwanja wa saruji wenye ufa uliopita katikati kama mto kwenye ramani. Ringi zilikuwa zimechomelewa na wanafunzi wenyewe. Nyavu hazikuwapo. Timu ya mpira wa kikapu ya chuo kile ilijulikana kwa jambo moja tu, nalo ni kufungwa. Vyuo vingine vikipangiwa kucheza nayo, vilihesabu kwamba vimepewa mapumziko.

Ndipo akaja mwalimu mpya wa uchoraji, kijana mkondefu, miwani yake imeshikizwa kwa uzi, ambaye hakuweza kueleza neno bila kulichora. Wanafunzi wakamwita Bwana Chaki. Akakabidhiwa timu kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Jioni moja alimwona Kabati akihamisha peke yake mbao ambazo wenzake walizibeba wawili wawili. Akamsimamisha.

"Umewahi kucheza kikapu?"

"Hapana, Mwalimu. Nina miguu mizito."

"Miguu yako siihitaji iende popote. Nataka isimame. Kusimama unaweza?"

Kabati akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu wa kukurupuka. "Kusimama naweza, Mwalimu."

"Basi kesho uje."

Chumbani alilala kitanda cha chini, na cha juu yake alilala mwanafunzi wa umeme waliyemwita Mshale. Huyu alikuwa mwembamba, mwepesi, mdomo wake hauna breki. Akitupa mpira, mkono wake ulibaki hewani kidogo kama unauaga. Wawili hao, mmoja msemaji na mmoja mnyamavu, walikuwa wameshazoeana kama ulimi na mate, na Bwana Chaki akawafanya roho ya timu. Alipiga magoti kwenye saruji akachora. Hapa asimame Kabati. Mshale apite mbio karibu naye, bega lisugue bega. Anayemfuata Mshale atakuta nini mbele yake? Atakuta ukuta. Na wakati anajiokota, Mshale ameshapata nafasi ya kulenga. Sharti lilikuwa moja: mguu wa Kabati ukishakanyaga usihame, na mkono wake usitoke mwilini. Akijitikisa, filimbi inalia, madhambi ni yake. Akitulia, aliyemvaa shauri yake.

Basi msimu ukaanza. Wa kwanza kuja walikuwa chuo cha biashara, vijana waliopakwa mafuta wakang'aa, wakashuka kwenye basi lao wakicheka uwanja ule. Walicheka mpaka mchezo ulipoanza. Mchezaji wao hodari, aliyepewa kazi ya kumganda Mshale, alijigonga kwa Kabati mara ya kwanza akaomba radhi, mara ya pili akatukana, na ya tatu akaanza kumzunguka kwa mbali kama mtu anayekwepa shimo. Mshale alifunga hadi watazamaji wakachoka kuhesabu. Walipoondoka, basi lilikuwa kimya.

Chuo cha misitu nacho kikaonja, kisha chuo cha afya, kisha cha posta. Timu ilisafiri kwenye lori la mchanga la kitengo cha ujenzi, wamekaa kwenye mbao, vumbi limewapaka nyusi nyeupe, wanaimba njia nzima. Chuo ambacho hakikuwa na jina kikapata jina. Wanawake wa sokoni walianza kuwapunguzia bei ya ndizi. Mkuu wa chuo, ambaye hakuwahi kujua uwanja uko upande gani, akaanza kukaa kiti cha mbele.

Katika ushindi wote huo, kila mchezaji alipata walau kikapu kimoja. Kila mmoja, isipokuwa Kabati. Na Mshale, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kama miguu, siku moja bwenini akatangaza, "Jamani, kabati letu ni zuri, mbao ngumu, limesimama imara. Lina kasoro moja tu. Halifungi!" Bweni zima likaangua kicheko. Kabati naye akacheka. Mzaha wa kweli hauna pa kuukwepea.

Alichokipata yeye kutoka kila mechi kilikuwa majeraha. Mtu unayemzuia njia hapiti bila kukuachia kumbukumbu: goti la ubavuni, kiwiko cha taya, kucha za shingoni. Kwa hiyo kila baada ya mchezo, wenzake walipokuwa wanambeba Mshale juu juu, yeye alikwenda zahanati ya chuo. Huko alikuwapo mwanafunzi wa uuguzi aliyeletwa kwa mafunzo, msichana mwenye uso wa kazi, tabasamu lake likitolewa kwa mgao. Wanachuo walimwita Dada Spiriti, kwa sababu dawa yake ya kwanza kwa kila jeraha ilikuwa ile inayochoma.

"Leo nini?"

"Kiwiko, Dada."

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Na kiwiko nacho kimeshinda?"

Kabati akamgeuzia taya. Aliuma meno, spiriti ikamchoma, akagundua kwamba anatamani iendelee kuchoma. Wiki iliyofuata alikuja na ubavu. Iliyofuata, jino lililolegea. Halafu ikaja wiki ambayo walicheza na timu dhaifu, na yeye akatoka mzima. Alijikagua mwili mzima mpaka akapata mkwaruzo mmoja kwenye kidole gumba. Akaupeleka. Dada Spiriti akaugeuza mkono ule mpana kwenye mwanga wa dirisha, akautafuta mkwaruzo, akaupata kwa taabu.

"Hili ni jeraha," akauliza, "au ni salamu?"

Kabati akajibu akitazama sakafu, "Ni vyote viwili, Dada."

Akaupaka dawa. Lakini siku hiyo mgao wa tabasamu ulizidi.

Mambo yangeendelea hivyo kama si kaka yake. Huyu alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu wa maneno mengi na moyo mwema ambao mdomo wake haukuujulia hali. Kazi ilimpitisha pale siku ya mechi, akaegesha, akasimama miongoni mwa watazamaji akiwa bado mweupe wa saruji. Timu ikashinda tena. Uwanja ukalipuka kwa jina la Mshale. Kaka akamngoja mdogo wake pembeni ya lori.

"Mdogo wangu, nimelitafuta jina lako kwenye kelele zote zile, sijalisikia. Wenzako wanashinda, wewe unashinda umesimama! Sasa mama nikamwambie nini? Kwamba mwanawe amekuwa nguzo ya simu?"

Akacheka, akampiga begani, akawasha lori akaenda zake. Yeye alikuwa ametania tu, na kufika kona ya kwanza alikuwa ameshasahau. Lakini jiwe limtokalo mtu mkononi halijui litakakoangukia. Kabati alibaki na neno lile. Akalala nalo, akaamka nalo, akalipiga randa pamoja na mbao karakanani, halikulainika.

Mechi iliyofuata ilikuwa ugenini, chuo cha ualimu. Mshale alipita mbio kando yake kama kawaida, akitegemea bega lile. Bega halikuwapo. Kabati alikuwa ameiacha nafasi yake, amekwenda chini ya ringi, mikono juu, anaita mpira, "Nipe! Nipe mimi!" Akapewa. Akarusha kwa nguvu za msimu mzima. Mpira ulipita juu ya ubao ukaenda kutua kwenye paa la bati la jiko la chuo, mpishi akatoka na mwiko kuuliza nani anarusha mawe. Watu walicheka hadi machozi. Kabati akajaribu tena, na tena. Na Mshale, bila mtu wa kumkingia, alizongwa, akanyang'anywa, akasukumwa nje. Walifungwa. Mara ya kwanza msimu ule.

Kwenye lori hakuna aliyeimba. Walipokaribia chuoni, Mshale akashindwa kujizuia.

"Umenivua nguo mbele za watu. Ungeniambia kwamba leo hutanisimamia, ningekaa benchi."

"Nyinyi mnabebwa juu juu," Kabati akasema, na wote wakageuka kwa sababu sauti yake hawakuwahi kuisikia ikipanda. "Mimi nikibebwa, napelekwa zahanati. Ulishawahi kuuliza ubavu wangu umepona?"

Mshale akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakukuwa na kitu ndani.

Chumbani mwao pakawa baridi. Wa juu anashuka, wa chini anageukia ukuta. Bwana Chaki hakugomba. Alimweka Kabati nje ya mazoezi, na mechi iliyofuata, ambayo ilikuwa nyepesi, wakaishinda kwa kubahatisha. Hakuwa amemkasirikia. Alimwambia tu, "Pumzika. Ukijua unachotaka, uje uniambie."

Aliyemfuata alikuwa Dada Spiriti. Alimkuta amekaa kwenye ngazi za karakana na kipande cha msasa mkononi, hana cha kusugulia.

"Siku nyingi hujaja. Umepona, au umeacha?"

Akamweleza yote, hata la kaka yake, hata la nguzo ya simu. Msichana akasikiliza amefumbata mikono.

"Mimi mpira siuelewi," akasema. "Unanichosha macho, huku na huku. Nilikuja kuangalia mara moja, nikaona bora nichague mtu mmoja nimtazame. Nikakutazama wewe. Kila ulipoangushwa, nikiinua macho namwona yule mwembamba yuko peke yake, anatafuta tu pa kutupia. Nikadhani ndivyo mchezo unavyochezwa: mmoja anaanguka, mwingine anatupa." Akakunjua mikono. "Ila kama unataka kubebwa juu kama yeye, sikuzuii. Itabidi tu watafute watu wengi."

Kabati akacheka. Alicheka mpaka ubavu ukamkumbusha kwamba haujapona.

Kesho yake alikuwa anapiga randa mlango, maranda yamemfika vifundoni, Mshale akaingia karakanani. Watu wa umeme hawakuwa na kawaida ya kuja kule. Akazungukazunguka, akashika gundi, akaiacha, akakaa juu ya gogo.

"Ubavu umepona?"

"Bado kidogo."

"Ningeuliza mapema." Mshale akainama. "Sikiliza. Mimi watu wananiona sina woga. Uongo mtupu. Nikishika mpira nasikia miguu ya watu nyuma yangu, na moyo unanipiga kama ngoma. Nikikugusa begani ndipo unatulia. Siku ile sikukugusa. Niliogopa, Kabati. Hicho ndicho kilichotufungisha. Mipira yako ya paani ni jambo dogo."

"Ya paani ilikuwa mikubwa," Kabati akasema.

"Mpishi bado anauliza."

Wakacheka wote wawili. Mshale akashika ncha ya pili ya mlango, ingawa mlango haukuhitaji kushikwa, na jioni ile Kabati akamwendea Bwana Chaki kumwambia kwamba amejua anachotaka.

Fainali ilichezwa chuo kikuu, ndani ya ukumbi. Vijana wa chuo cha ufundi walikuwa hawajawahi kuona uwanja wenye paa. Sakafu ilikuwa ya mbao. Kabati alipoingia tu, badala ya kutazama ringi, alipiga goti akaipapasa ile sakafu, akafuata mshono mmoja kwa kidole mpaka ukutani. "Aliyeiunga hii alikuwa fundi hasa," akasema. Vijana wa chuo kikuu, wenye viatu vinavyolia sakafuni kama panya, wakakonyezana. Ringi zilikuwa na nyavu nyeupe. Mezani mtangazaji wa redio alikuwa anajaribu kipaza sauti chake.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kigumu. Wenyeji walikuwa wamepeleleza: walimpa Mshale walinzi wawili, mmoja akijigonga kwa Kabati, mwingine yuko tayari upande wa pili. Walikwenda mapumziko wako nyuma. Bwana Chaki akatoa chaki yake, akainama, msimamizi wa ukumbi akampigia kelele asithubutu kuchora kwenye sakafu ile. Basi akamgeuza Kabati, akachora mgongoni mwake, juu ya fulana iliyolowa jasho.

"Hapa unasimama kama siku zote. Wawili wakimfuata Mshale, wewe geuka, nenda chini ya ringi. Hakuna atakayekufuata."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu msimu mzima hujafunga. Nao wanajua kama sisi tunavyojua."

Wakarudi uwanjani. Ilikuwa patashika nguo kuchanika. Pengo likapungua kikapu kwa kikapu, Kabati akala viwiko vyake vya kawaida, midomo ikavimba, hakuhama. Dakika ya mwisho wakawa nyuma kwa pointi moja tu, na mpira ni wao. Ukumbi mzima ukasimama. Mshale akapita mbio, akamgusa begani, walinzi wawili wakamrukia kama walivyofundishwa. Kabati akageuka. Akaenda kwa mwendo wake uleule wa ndoo ya maji mpaka chini ya ringi, akiwa peke yake kama mtu aliyefika sokoni siku isiyo ya soko. Mpira ukamjia kifuani.

Aliutazama. Akaunyanyua. Walinzi wale wawili, kwa fadhaa ya kumwona yeye na mpira, wakamwacha Mshale wakamvamia pamoja. Akarusha wakati wanamgonga, na filimbi haikulia. Mpira ukagusa ubao, ukazunguka ukingo wa ringi polepole, ukazunguka tena, ukachungulia ndani, ukabadili mawazo, ukatoka.

Kabati alikuwa chini, chali, watu wawili juu yake. Kitu alichokiona ni taa za dari. Hakumwona Mshale, ambaye sasa hakuwa na mlinzi hata mmoja, akiruka kuudaka mpira ule hewani na kuurudisha. Alisikia tu wavu ukisema shwaa, kisha filimbi ya mwisho, kisha kelele ambazo hazikuwa na maneno.

Safari hii hawakumbeba Mshale peke yake. Walijaribu kumwinua Kabati pia, sita kwa mpigo, wakafika naye usawa wa magoti, wakaanguka wote rundo moja, wachezaji wanalia na kucheka, Bwana Chaki miwani yake imepotea kabisa.

Nyumbani kwao Kabati, mama yake, aliyekuwa dobi wa hospitali, alikuwa amekaa na kaka mtu mbele ya redio yenye betri zilizoanikwa tangu asubuhi. Mtangazaji alilitaja jina la Kabati mara moja tu mchana mzima: kwamba amerusha, na kwamba amekosa. Mama akaruka kutoka kitini.

"Mwanangu huyo! Mmesikia? Mwanangu!"

"Mama, amekosa," kaka akasema.

"Amekosa nini? Si wameshinda?"

Kaka mtu akaona haya, akatoka nje. Jumapili iliyofuata alikwenda chuoni makusudi, bila mzigo wowote kwenye lori, akamwambia mdogo wake, "Lile neno langu la siku ile, lisahau." Kabati akamwambia ameshalisahau, jambo ambalo halikuwa kweli kabisa, lakini lilikuwa karibu na kuwa kweli.

Msimu ule haukujirudia. Mwaka uliofuata wengi walihitimu, Bwana Chaki akahamishwa, na timu ikarudia kazi yake ya zamani ya kufungwa. Kabati alifungua karakana yake mjini. Alimwoa Dada Spiriti, ambaye mpaka leo hauelewi mpira, wakapata watoto watatu wenye mabega ya baba na ulimi wa mama. Mshale alichukuliwa na timu kubwa, picha yake ikatoka gazetini, watu wakambeba miaka kadhaa. Halafu goti likakatika. Waliokuwa wakimbeba wakapata mwingine wa kubeba. Alipotea, akasikika kwenye vilabu vya pombe, kisha hakusikika kabisa. Kabati alimtafuta mwezi mzima, akamkuta chumba cha kupanga, amekonda, amekaa gizani, yeye fundi umeme.

"Umekuja kunitazama?" Mshale akauliza.

"Nimekuja kukuchukua. Karakana yangu haina taa za maana. Nani atanifungia?"

Haikuwa rahisi. Alikimbia mara kadhaa, akarudishwa. Dada Spiriti alimuuguza goti na yale mengine yasiyo goti, kwa uso wake wa kazi, bila kumpa hata dakika ya kujihurumia. Ilichukua muda mrefu, lakini Mshale akatulia. Akaunganisha taa za karakana, kisha za majirani, kisha za mtaa.

Sasa wote wana mvi. Mshale hutembelea mkongojo, na kila asubuhi Kabati humpitia mlangoni kwake waende kazini pamoja. Njiani Mshale ndiye anayeongea. Juzi walichelewa, wamesimama katikati ya barabara wanabishana kama mvua itanyesha, na gari la taka linawapigia honi wapishe njia. Mke wa Kabati akachungulia dirisha la karakana akawaita kwa sauti.

"Nyie wazee! Chai imepoa, na watu wana haraka zao!"

Wakasogea pembeni, taratibu, Kabati akiwa upande wa magari.